Ngoro za Umatengo na Bustani Zilizosahau Mlima

Upo ufundi wa kuipa ardhi sura ambao Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wameufanya kwa vizazi vingi bila kuutangaza, nao ni ufundi wa ngoro, yaani mashimo ya mraba yaliyozungukwa na matuta pande zote nne na kupangwa kwa safu kutoka juu ya mteremko hadi chini, hata mlima ukitazamwa kutoka ng'ambo ya bonde huonekana kama sega la nyuki. Kazi ya kuchonga na kupanga ardhi ili ipendeze na itumike bila usumbufu huitwa usanifu wa mandhari, na siku hizi jina hilo hutajwa zaidi panapozungumzwa bustani za hoteli na za nyumba za mjini, zenye nyasi zilizokatwa fupi na maua yaliyonunuliwa kitaluni. Hata hivyo, kipimo cha haki cha usanifu huo ni kiasi cha kazi ambayo ardhi itamdai mwenyewe katika miaka inayofuata, na kwa kipimo hicho wanawake na wanaume waliochimba ngoro katika Litembo na vijiji vya jirani wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa wasanifu bora wa ardhi katika Tanzania.

Ardhi yenyewe haikuwapa urahisi wowote. Nchi hii hupanda kutoka ufuko wa Ziwa Nyasa, ulio kwenye kimo cha mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi vilele vinavyokaribia mita 2,000, na mvua zake, ambazo huanza mwezi Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Mteremko mkali ukikutana na mvua ya namna hiyo, udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, huondoka mapema kuliko mkulima anavyoweza kuurudisha, na kila msimu humkuta akiziba mifereji badala ya kupanda.

Kazi ya ngoro huanza kabla jembe halijagusa udongo, na hapo ndipo penye ustadi ambao mgeni hauoni. Mvua zinapokaribia kwisha, kwa kawaida mwezi Machi, wanaume hufyeka nyasi za shamba lililopumzishwa kwa nyengo, yaani chombo chenye makali na ncha iliyopinda, kisha nyasi huachwa zikauke. Zikishakauka hukusanywa na kulazwa juu ya ardhi katika mistari inayokatana, ile inayofuata mteremko na ile inayoukinga, mpaka shamba zima liwe limechorwa miraba ya nyasi. Hakuna kamba inayovutwa wala pimamaji inayowekwa. Jicho ndilo linalopima, na jicho hilo hutazama mambo mengi kwa pamoja: ukali wa mteremko, unene wa udongo, jiwe lililojificha, na mahali ambapo maji ya mwaka uliopita yalionyesha nia ya kupasua njia. Mtu aliyelelewa katika kazi hii hulaza nyasi zake akijua tuta litakaa wapi na shimo litakuwa na kina gani, na fundi asiyejua kusoma mlima hutambulika kabla msimu haujaisha, kwa kuwa mvua kubwa ya kwanza humsahihisha.

Nyasi zikishalazwa, kazi huwa ya wanawake. Kwa jembe la mkono huchimba udongo kutoka katikati ya kila mraba na kuurusha juu ya nyasi za pande nne, wakizifunika taratibu mpaka matuta yainuke. Mbegu za maharage humwagwa juu ya matuta hayo, kisha udongo mwingine kutoka chini ya shimo hurushwa tena kuzifukia. Shimo linalobaki lina upana wa mita moja hadi mbili hivi. Mtazamaji wa haraka atadhani ameona tu maharage yakipandwa na mashimo yakichimbwa, kumbe umejengwa mbele ya macho yake mfumo mzima wa kuhifadhi maji, kutengeneza mbolea na kuzuia mmomonyoko, yaani kule kuchukuliwa kwa udongo na maji au upepo. Mvua ikinyesha, kila shimo hukinga maji yake lenyewe na kuyapa muda wa kuzama. Udongo uliotikisika hutua chini ya shimo hilohilo badala ya kwenda mtoni. Na maji yakizidi, huvuka tuta na kuingia shimo linalofuata yakiwa yamepoteza nguvu. Nyasi zilizofukiwa ndani ya tuta hulishikilia lisibomoke katika miezi ya mwanzo, na kadiri zinavyooza hugeuka chakula cha mimea.

Uzuri wa ufundi huu huonekana zaidi katika mwaka wa pili. Maharage yakishavunwa, mwezi Juni au Julai, shamba hungoja mvua za mwisho wa mwaka ili mahindi yapandwe juu ya matuta yaleyale, na magugu yanayong'olewa wakati wa palizi hutupwa shimoni, ambako huoza pamoja na udongo uliotuama. Mzunguko ukikamilika, mabua na masalia mengine huwekwa katika mashimo ya zamani na kufunikwa, huku mashimo mapya yakichimbwa palipokuwa na makutano ya matuta, kwa hiyo tuta na shimo hupeana zamu na udongo wote wa shamba hupata nafasi ya kuchimbwa, kulishwa na kupumzika. Kinachoitwa uchafu katika bustani za leo, na kinachochomwa moto kila Jumamosi nyuma ya nyumba, kwa Mmatengo kilikuwa mbolea ya msimu ujao, tena mbolea isiyohitaji kubebwa, kwa sababu ilikwishawekwa mahali pake.

Ngoro hazikusimama peke yake. Zilikuwa sehemu ya ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito, uliomilikiwa na ukoo na kupangwa wote kwa fikra moja: miti iliachwa juu, nyumba zikajengwa mahali panapofaa katika mteremko, na baada ya kahawa kuingia katika miaka ya 1920, mikahawa na migomba ikazizunguka nyumba hizo, ikila samadi ya zizi lililo karibu, huku mashamba ya ngoro yakienea pembeni na bustani za mboga zikishuka hadi bondeni kwenye unyevu. Kila kitu kiliwekwa pale ambapo kingedai hatua chache iwezekanavyo za mwenye nyumba. Mkoani Kilimanjaro, kihamba cha Wachaga, yaani bustani ya nyumbani yenye migomba, kahawa na miti mirefu, kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia, na jambo hilo lilikuwa la haki. Ntambo ya Mmatengo ingestahili kutazamwa kwa jicho hilohilo.

Chimbuko la ufundi huu halina mwaka, lakini inafahamika kwamba katikati ya karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliposukuma watu wengi kukimbilia milimani upande wa Litembo, ardhi ndogo ililazimika kulisha vinywa vingi bila kuchoka, na ngoro ziliwezesha hilo. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike kuhusu jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, waliurudia uchunguzi huo kwa kina. Inafaa kukumbuka hapa kwamba serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchimba matuta ya ngazi katika milima yao, na mwaka 1955 kukatokea ghasia. Huko Mbinga, ufundi wa kulinda mlima ulikuwepo tayari, mikononi mwa wenyeji, bila amri ya bwana shamba.

Leo mikono hiyo inapungua. Kuchimba ngoro ni kazi nzito, nayo iliwezekana kwa ushirikiano wa ngokela, yaani utaratibu wa majirani, hasa wanawake, kulimiana mashamba kwa zamu. Ngokela ikilegea na vijana wakihama, mwanamke aliyebaki peke yake hupunguza eneo lake au huchagua matuta ya kawaida ya mstari, ambayo ni mepesi kuinua na mepesi vilevile kubomolewa na maji. Hawezi kulaumiwa. Lawama, ikiwa ipo, iwaendee wenye uwezo wanaojenga nyumba mpya katika miteremko ya mji wa Mbinga, ambao husawazisha kiwanja kwa kukata mlima, hukifunika kwa vitofali vya saruji, hupanda kipande cha nyasi zinazodai maji wakati wa kiangazi na kufyekwa kila wiki wakati wa masika, kisha huacha maji ya paa zima yamwagike mahali pamoja kuelekea kwa jirani wa chini. Bustani ya namna hiyo hupendeza kwenye picha, lakini haina hata shimo moja la kupokea mvua, na baada ya misimu michache msingi wa ukuta huanza kuonekana, mfereji hufunguka penye njia ya miguu, na mwenye nyumba huita kibarua mwezi baada ya mwezi kurekebisha kosa lililofanywa siku ya kwanza.

Hasara haiishii kilimani. Udongo unaoachiliwa juu huteremka kwa vijito na kwa mito kama Ruhuhu mpaka ziwani, na wakati wa masika maji ya midomo ya mito hiyo hubadilika rangi mbele ya watu wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010. Huko ufukoni, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ua wa nyumba hufagiliwa kila asubuhi mpaka uwe mtupu, desturi ya usafi inayoheshimika, lakini ua uliofagiliwa miaka mingi bila tuta wala jani la kuushika hushuka chini ya kizingiti kidogokidogo. Nyumba iliyo kwenye mteremko wa ziwa ingehitaji tu safu chache za ngoro upande wa juu, zenye mihogo au maharage kwenye matuta na takataka za majani shimoni, ili ua ubaki mahali pake na fagio lipumzike.

Bado wapo, katika vijiji vya Mbinga, wanawake wanaoweza kuutazama mteremko na kusema nyasi zilazwe wapi, na maarifa hayo hayajifunzwi kitabuni, kwa sababu binti huyapata kwa kusimama pembezoni mwa shamba la mama yake akiwa na jembe dogo, msimu hata msimu. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zinazotoa vibali vya ujenzi, shule zenye viwanja vinavyopasuliwa na mifereji, na kila mwenye nyumba anayetafuta mtaalamu wa bustani, wawaite wanawake hao mwezi Machi, kabla mvua hazijakatika na udongo ukiwa bado laini, nao wawalipe ujira wa fundi, si ujira wa kibarua.