Chakula cha Mama Sato

Fundi wa vifaranga wa sato humtambua mama kwa kidevu. Jike akishataga huyakusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo, koo likajaa na kushuka, na chakula hakigusi ila kwa nadra. Mshike taratibu juu ya beseni la maji, mfungue mdomo kwa kidole gumba: mayai hudondoka, ya manjano iliyokolea, makubwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Nawastahi sana wanaoifanya kazi hiyo bila kumchubua samaki hata gamba moja.

Lakini ufundi wenyewe ulianza wiki nyingi kabla. Jike akishayabeba mayai hana tena cha kuyaongezea. Kiini kilichomo ndicho posho yote ya kifaranga hadi aanze kula mwenyewe. Na huku nyanda za juu, Kasulu na Kibondo, maji ni ya baridi, nayo yakishuka hadi nyuzi 20 hivi sato huacha kutaga. Miezi ya joto ikifika, mama awe tayari ameshiba vilivyo.

Ndiyo maana fundi huwatenga wazazi, dume mmoja kwa majike watatu, akawachanganyia chakula chao: dagaa wa Tanganyika waliosagwa, mashudu ya alizeti, pumba za mahindi. Pumba peke yake hujaza tumbo tu. Vitamini C inahitajika ili mayai yaanguliwe vizuri, lakini moto huiua, na ghalani haidumu. Ajuaye kazi huitia mwishoni, chakula kikiwa kimepoa, na huchanganya cha siku chache tu.

Kinachonifurahisha zaidi ni mawese. Mwaka 2011 watafiti wa Universiti Sains Malaysia walichapisha matokeo yao: majike wa sato waliolishwa mawese ghafi walizaa vizuri kuliko wenzao waliopewa mafuta ya samaki. Mawese mekundu yana vitamini E, inayoyakinga mafuta ya yai yasiharibike. Nasi tuko mkoa wa michikichi!

Ndugu mfugaji, kabla hujanunua virutubisho vya dukani, jaribu hili: wazazi wa bwawa moja watilie mawese kidogo kwenye chakula, wa bwawa la pili usiwatilie, kisha uwahesabu vifaranga wa kila bwawa.