Kuhesabu Majaribio Yote: Uhakiki wa Ushahidi wa Kitakwimu Unaofikishwa kwa Watunga Sera

Ripoti za tathmini ya miradi ya maendeleo huwa na majedwali marefu yenye nyota kando ya tarakimu chache. Watunga sera wengi huzichukulia nyota hizo kuwa uthibitisho. Makala haya yanadai kwamba nyota haiwezi kufasiriwa mpaka ijulikane ni majaribio mangapi ya kitakwimu yaliyofanywa ili kuipata.

Katika kiwango cha 0.05, jaribio moja lina uwezekano wa asilimia 5 wa kuonyesha athari isiyokuwepo. Yakifanywa majaribio 20 yasiyotegemeana, pasipo athari yoyote ya kweli, uwezekano wa kupata angalau tokeo moja la uongo hufikia asilimia 64. Marekebisho ya Bonferroni hukigawa kiwango hicho kwa idadi ya majaribio, hivyo kila jaribio hupimwa kwa 0.0025. Kinga hii ni kali, na athari ndogo za kweli huweza kupotea. Mwaka 1995, Benjamini na Hochberg walipendekeza njia nyepesi zaidi, inayodhibiti wastani wa sehemu ya matokeo ya uongo miongoni mwa yale yaliyotangazwa kuwa ya kweli.

Hata hivyo, njia zote mbili hutegemea idadi inayotajwa na mtafiti mwenyewe. Hapo ndipo utafiti wa Casey, Glennerster na Miguel, uliochapishwa mwaka 2012, unapopata uzito. Watafiti hao walitathmini mradi wa GoBifo katika vijiji 236 vya Sierra Leone, kwa viashiria zaidi ya 300, wakiwa wamehifadhi mpango wa uchambuzi kabla ya kuchambua data. Huduma za kijiji na hali ya uchumi ziliimarika kwa muda mfupi, lakini haukupatikana ushahidi kwamba ushiriki wa makundi yaliyotengwa, wakiwamo wanawake, ulibadilika kwa namna ya kudumu. Walionyesha pia kwamba, bila mpango huo, viashiria vichache vya kuchagua vingetosha kudai kwamba mradi uliimarisha taasisi za kijiji, au kwamba ulizidhoofisha. Madai yote mawili yangekuwa ya makosa.

Mpango wa namna hiyo una gharama, kwani maswali mazuri huzuka pia katikati ya uchambuzi. Maswali hayo yaripotiwe kando, yakitajwa wazi kuwa ya uchunguzi wa awali. Washauri wa sera, kwa upande wao, wadai orodha kamili ya viashiria vilivyopimwa, vikiwamo vilivyokosa nyota. Ripoti isiyo na orodha hiyo inaweza kuelekeza utafiti unaofuata, lakini haitoshi kuwa msingi wa kugawa bajeti.