Kuchagua Vipuri Vinavyopatana kwa Kompyuta ya Kwanza ya Kuunda Nyumbani

Kompyuta ya mezani huundwa kuanzia kwenye soketi, yaani mahali prosesa inapokaa juu ya mazabodi. Soketi ikishachaguliwa, mazabodi zinazoweza kufaa zimejulikana. Mazabodi nayo hutaja aina ya ramu, idadi ya diski na ukubwa wa kasha. Anayetangulia kununua kasha lenye kioo na taa hujifunga kabla hajajua anaunda nini.

Soketi zinazopatikana madukani si nyingi. AMD ina AM4, iliyobeba prosesa za Ryzen tangu 2017, na AM5 iliyoingia 2022. Intel ina LGA 1200 ya 2020, LGA 1700 ya 2021 na LGA 1851 ya 2024, na namba hizo ni idadi ya pini. Kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na moja ikipinda huweza kunyooshwa kwa subira. Kwa AM5 na LGA zote pini ziko ndani ya soketi, nyembamba kama unywele, na hapo ndipo mazabodi ya mtumba inapokaguliwa kwanza. Mjuzi huiinamisha chini ya tochi na kuizungusha polepole. Pini zilizonyooka hung'aa kwa pamoja, safu nzima kwa mara moja. Iliyopinda hujitenga, ikaonekana doa jeusi au nukta inayong'aa peke yake. Muuzaji asipokubali kifuniko cha soketi kiondolewe, mazabodi hiyo na ibaki dukani.

Prosesa kuingia kwenye soketi si hakikisho kwamba itawaka. LGA 1151, soketi ya zamani ya Intel, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mazabodi za H110 na B250 zilitengenezwa kwa prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba. Zile za kizazi cha nane na cha tisa pia ni za LGA 1151: zinakaa vizuri na kishikio kinafunga, lakini humo hazifanyi kazi, kwa sababu zinataka mazabodi za familia ya 300 kama H310 na B360. Wakati mwingine kizuizi ni programu ya mazabodi tu, yaani BIOS. Mazabodi ya B450 ya 2018 huipokea Ryzen 5 5600 baada ya BIOS kusasishwa; iliyokaa ghalani na BIOS ya zamani haitaonyesha picha. Kuisasisha hutaka prosesa ya zamani iwekwe kwanza, isipokuwa mazabodi iwe na kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa. Kwa anayeunda mara ya kwanza, kitufe hicho kina thamani kuliko taa zote za rangi. Orodha ya prosesa zinazokubalika, na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja, hutolewa na mtengenezaji wa mazabodi, na ndiyo ya kuaminiwa.

Ubora wa mazabodi huonekana pembeni mwa soketi, kwenye koili na transista zinazoshusha volti 12 za pawa saplai hadi volti moja na ushei inayotumiwa na prosesa. Mazabodi za bei ya chini, zikiwemo nyingi za H610, huacha sehemu hiyo wazi bila bamba la kupoza. Core i5-12400 haina shida humo, kwa kuwa ni ya wati 65 na hufika 117 inapoongeza kasi. Core i9-12900K huingia soketi hiyo hiyo na kuwaka, lakini hupanda hadi wati 241. Mazabodi dhaifu hupata joto, prosesa hupunguzwa kasi, na fedha iliyolipwa zaidi haionekani kazini.

Ramu za DDR4 na DDR5 zina pini 288 kila moja, ila pengo la chini haliko mahali pamoja, hivyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. AM4 ni DDR4 tu. AM5 na LGA 1851 ni DDR5 tu. Mtego uko LGA 1700, ambako baadhi ya mazabodi ni za DDR4 na nyingine za DDR5, zikitofautiana kwa herufi chache mwishoni mwa jina. Vijiti viwili vya GB 8 vya pakiti moja ni bora kuliko kimoja cha GB 16, maana prosesa husoma kupitia njia mbili kwa pamoja. Penye sloti nne, kwa kawaida hukaa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Kabla ya kadi ya grafiki kufikiriwa, herufi ya mwisho ya jina la prosesa isomwe. Core i5-12400F haina grafiki ndani yake, i5-12400 inayo. Ryzen 5 5600 haina, 5600G inayo. Mwenye kupanga kununua kadi baadaye akichukua isiyo na grafiki, poti ya HDMI ya mazabodi haitamsaidia kitu. Kadi mpya hufanya kazi kwenye sloti ya PCIe ya zamani, lakini si bila gharama kila mara: Radeon RX 6500 XT hutumia njia nne tu, na kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya kasi yake.

Pawa saplai ndiyo kipuri kinachodharauliwa zaidi, ilhali ikiharibika vibaya huweza kuondoka na vingine vyote. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hazitoshi kuihukumu. Ubavuni huwa na lebo yenye jedwali, na safu ya volti 12 ndiyo inayohusu, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiki hulishwa kutoka humo. Ikiandikwa ampea 45.8, mara 12 ni karibu wati 550. Pawa saplai inayoitwa ya 550 na kusomeka hivyo imesema kweli. Inayojiita ya 600 huku volti 12 ikiwa na ampea 25 ina wati 300 za kazi. Alama ya 80 Plus hupima kiasi cha umeme kisichopotea kuwa joto: kwa nusu ya mzigo kwenye volti 115, Bronze hufikisha asilimia 85 na Gold 90. Haipimi ubora wa kinga zilizomo ndani. Nyepesi mno mkononi ni ya kutiliwa shaka, kwa sababu shaba na hitisinki zina uzito.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ryzen 5 5600 ni ya wati 65 na huweza kupita hapo kidogo, GeForce RTX 3060 ni wati 170; ukiongeza diski na feni, jumla ni wati 300 hivi. NVIDIA hupendekeza 550, kwa kuwa matumizi ya umeme ya kadi huruka juu kwa nukta ya sekunde na pawa saplai inayokaribia kikomo huzimika hapo. Waya wa prosesa na waya wa kadi vyote huweza kuwa na pini nane, lakini si kitu kimoja. Waya za pawa saplai moja zinazochomoka hazitumiki kwenye nyingine, hata zikiingia: mpangilio upande wa pawa saplai hutofautiana, na diski huweza kuungua. Penye swichi nyekundu ya 115 na 230, kwa Afrika Mashariki ibaki 230. Ikiwashwa kwenye 115 hulipuka.

Kasha na kipozaji ni suala la rula. Mazabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170. Kipozaji cha milimita 158 hakifungiki kwenye kasha linaloruhusu 155. Matundu ya LGA 1700 yako mbali kidogo kuliko ya LGA 1200, hivyo kipozaji cha zamani hutaka vishikio vipya. Diski ya M.2 iandikwayo 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Sloti huweza kukubali NVMe, SATA au zote mbili, na kitabu cha mazabodi hueleza poti ipi ya SATA huzimika sloti hiyo ikitumika. Kompyuta za ofisi za mtumba, kama baadhi za Dell na HP, zina mazabodi na pawa saplai za vipimo vyake zenyewe, hivyo vipuri vyake havifai kuhamishwa bila kukaguliwa.

Vipuri hujaribiwa juu ya boksi la mazabodi kabla ya kuingizwa kwenye kasha: prosesa, kipozaji, ramu na pawa saplai, na kadi ya grafiki ikiwa prosesa haina yake. Pini mbili za swichi hugusishwa kwa bisibisi. Ndani ya BIOS huangaliwa kama ramu zote mbili zimehesabiwa na kama joto la prosesa limetulia. DDR4 ya 3200 huweza kusomeka 2133 au 2666 mpaka mpangilio wa kasi wa XMP uwashwe humo. Ndipo kasha hufunguliwa, na vishikio vya shaba vilingane na matundu ya mazabodi, maana kilichozidi hugusa saketi za nyuma na kuizuia kuwaka.