Wakili Mahakamani, Msimulizi Riwayani: Suala la Utambulisho katika Maisha na Kazi za Oscar Zeta Acosta

1.0 Utangulizi

Oscar Zeta Acosta aliandika vitabu viwili tu. Cha kwanza, The Autobiography of a Brown Buffalo, yaani Tawasifu ya Nyati wa Kahawia, kilitoka mwaka 1972. Cha pili, The Revolt of the Cockroach People, yaani Uasi wa Watu Mende, kilifuata mwaka 1973. Kabla ya hapo, kwa muda wa miaka michache, alikuwa wakili aliyewatetea Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliojitambulisha kisiasa kwa jina hilo, katika mahakama za Los Angeles. Mwaka 1974 alitoweka nchini Meksiko, na hadi leo mwili wake haujapatikana.

Maisha ya namna hii huwavuta wahakiki upande wa visa na vituko. Mara nyingi Acosta amesomwa kama kichekesho cha enzi yake: mtu mnene, mlevi, mwenye makeke, rafiki wa mwandishi Hunter S. Thompson. Usomaji huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa mwenyewe hakuficha lolote kati ya hayo. Hata hivyo, unaliacha swali lililo kubwa zaidi. Akiwa wakili, Acosta alilazimika kuithibitishia mahakama kwamba Wachikano ni jamii moja inayotambulika. Akiwa mwandishi, alianza na msimulizi asiyejijua yeye ni nani. Makala haya yanajenga hoja kwamba mvutano huo ndio uti wa mgongo wa kazi zake, na kwamba riwaya zake zinaendeleza mjadala ambao mahakama ilikataa kuumaliza.

2.0 Safari ya Maisha

Acosta alizaliwa tarehe 8 Aprili 1935 katika mji wa El Paso, Texas, mpakani kabisa na Meksiko. Alikulia Riverbank, mji mdogo wa wakulima katika Bonde la San Joaquin, California. Alijiunga na Jeshi la Anga la Marekani, akapiga zumari katika bendi yake. Aliacha Ukatoliki wa nyumbani akawa Mbaptisti, akahubiri kwa muda nchini Panama, kisha imani hiyo nayo ikamtoka. Alisoma uandishi wa kubuni mjini San Francisco, halafu akasomea sheria katika masomo ya jioni. Mwaka 1966 alifaulu mtihani wa uwakili wa California na kuanza kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria kwa maskini mjini Oakland.

Mfululizo huu una maana kwa uhakiki. Kabla ya kutimiza miaka thelathini na mitano, Acosta alikuwa amevaa na kuvua utambulisho mwingi: mwanajeshi, mwanamuziki, mhubiri, mwanafunzi wa fasihi, wakili wa maskini. Alipofika Los Angeles mwaka 1968 na kujiunga na harakati za Wachikano, alikuja akiwa mtu aliyejifunza kwamba nafsi inaweza kubadilishwa. Jina la Zeta alijipachika mwenyewe. Ni jina la herufi ya mwisho katika alfabeti ya Kihispania, na mtu anayejiita hivyo anadokeza kwamba anaianza hesabu kutokea mwisho.

3.0 Hoja ya Mahakamani: Kuthibitisha Kwamba Watu Wapo

Mwezi Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa shule za sekondari za Los Angeles Mashariki waliyaacha madarasa yao kupinga elimu duni. Baadaye wanaume kumi na watatu, miongoni mwao mwalimu Sal Castro, walishtakiwa kwa kula njama. Acosta aliwatetea. Badala ya kujibu tuhuma peke yake, aliligeukia jopo kuu la raia lililoamua kwamba washtakiwe. Jopo hilo liliundwa kutokana na mapendekezo ya majaji, na majaji walipendekeza watu waliowafahamu. Watu wenye asili ya Meksiko walikuwa nadra mno kupendekezwa. Acosta aliwaita majaji wenyewe kizimbani, mmoja baada ya mwingine, akawauliza wanamfahamu nani, wanakula na nani, wanaishi jirani na nani.

Mkakati huu ulitegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1954 katika kesi ya Hernandez dhidi ya Texas. Katika kaunti moja ya jimbo hilo, kwa miaka ishirini na mitano hakuna mtu mwenye asili ya Meksiko aliyewahi kukaa katika jopo la kuamua kesi. Mahakama ilikubali kwamba watu hao walistahili ulinzi wa Katiba dhidi ya ubaguzi. Lakini anayetumia hoja hiyo alipaswa kwanza kuonyesha kuwa katika eneo husika wao ni kundi la pekee, linalotendewa tofauti na wengine. Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Sheria kwa muda mrefu iliwahesabu Wamarekani wenye asili ya Meksiko kuwa weupe, na viongozi wengi wa kizazi kilichotangulia waliutetea weupe huo kama ngao. Kizazi cha 1968 kiliikataa ngao hiyo na kujiita kahawia. Kwa hiyo Acosta alisimama mbele ya mahakama akiwa na mizigo miwili: kuthibitisha ubaguzi, na kuthibitisha kwamba wanaobaguliwa ni watu wenye historia, lugha na rangi yao.

Ian Haney López, katika kitabu chake Racism on Trial cha mwaka 2003, ameonyesha kuwa majibu ya majaji yalifichua ubaguzi usiohitaji chuki ya wazi. Waliwabagua wengine kwa mazoea tu, kwa kuchagua marafiki. Ufafanuzi huo unakubalika. Linalopaswa kuongezwa ni matokeo ya kesi yenyewe. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufani ya California iliyazuia mashtaka ya njama kwa msingi wa uhuru wa kujieleza. Washtakiwa waliokoka, lakini hoja ya Acosta kuhusu utambulisho haikuwa ndiyo iliyowaokoa. Swali la Wachikano ni nani lilibaki bila jibu la kisheria, na ni swali hilo alilolihamishia kwenye riwaya.

4.0 Tawasifu ya Nyati: Shahidi Asiye na Kitambulisho

Kitabu cha kwanza kinaanza na mwili. Msimulizi yuko uchi mbele ya kioo, anautazama unene wake, rangi yake na tumbo lake linalomuuma. Kisha anaiacha kazi yake Oakland, anaingia garini na kuzunguka majimbo ya magharibi bila lengo lililo wazi. Wanaokutana naye humdhania kuwa Mhindi Mwekundu, Msamoa, au mtu wa asili nyingine, naye huwaacha waamini wanachotaka. Jina la tawasifu katika anwani lisimdanganye msomaji. Kazi hii inatumia mbinu za riwaya waziwazi: matukio yametiwa chumvi, mazungumzo yamesukwa, na wakati umebanwa ili uitumikie maana.

Kilele cha kitabu kiko katika mahakama nyingine. Akiwa Juárez, ng'ambo ya mpaka, msimulizi anakamatwa na kufikishwa mbele ya hakimu mwanamke. Wakili wa California sasa ndiye mshtakiwa, na Kihispania chake hakimtoshi kujitetea. Hakimu anamwambia arudi kwao akajifunze lugha ya baba yake. Anapovuka kurudi Marekani, afisa wa mpakani anautilia shaka uraia wake, naye hana karatasi ya kuuthibitisha. Kwa hatua chache tu za miguu, nchi mbili zimemkana.

Tukio hili likisomwa sambamba na kesi za Los Angeles, uzito wake unaonekana. Mahakamani, Acosta alidai kwamba lugha na asili vinawafanya Wachikano kuwa jamii moja. Riwayani, msimulizi wake hana lugha hiyo, na asili yake haimfungulii mlango wowote. Hata hivyo kitabu hakihitimishi kwamba utambulisho ni uongo. Mwishoni msimulizi anaamua: anaikubali asili aliyorithi, na papo hapo anajipa jina la nyati, mnyama aliyewindwa hadi kukaribia kutoweka. Utambulisho, kwa mujibu wa kitabu hiki, ni tendo linalofanywa na mtu baada ya ushahidi wote kushindwa kumaliza ubishi. Hilo ni jambo ambalo hati ya utetezi haiwezi kulisema, kwani wakili anayekiri kwamba wateja wake wamejichagua wenyewe amekwisha kuiharibu kesi yake.

5.0 Uasi wa Mende: Sheria Inapofika Ukomo

Kitabu cha pili kinaihamisha nafsi hiyo katika kundi. Kinaanza na maandamano ya mkesha wa Krismasi wa mwaka 1969 katika Kanisa la Mtakatifu Basil, Los Angeles, ambapo Wachikano waliulaumu uongozi wa Kikatoliki kwa kujenga kanisa la kifahari na kuwasahau maskini. Watu ishirini na mmoja walishtakiwa, na Acosta akawa wakili wao. Msimulizi, Buffalo Zeta Brown, anawaita watu wake mende: wadudu wanaokanyagwa na wasiokwisha.

Tukio lenye nguvu kuliko yote ni la uchunguzi wa maiti. Kijana amekufa gerezani, familia haiamini kwamba alijiua, na wakili anaruhusiwa kushuhudia madaktari wakiupasua mwili. Yeye ndiye anayeonyesha wapi pakatwe kutafuta alama za kipigo. Kila sehemu inakatwa, na mwishowe hakuna kinachothibitishwa, ilhali marehemu hana tena sura ya kuzikwa. Hapa Acosta anaihukumu taaluma yake mwenyewe. Utafutaji wa ushahidi, unaofanywa kwa nia njema, unaweza kumla yule yule unayemtetea.

Mauaji ya mwandishi wa habari Ruben Salazar nayo yamo. Salazar, mwandishi wa safu katika Los Angeles Times, aliuawa tarehe 29 Agosti 1970 kwa kombora la gesi ya machozi lililofyatuliwa na askari wa sherifu, siku ya maandamano ya Wachikano dhidi ya vita vya Vietnam. Katika riwaya anaitwa Roland Zanzibar. Msomaji wa Kiswahili atashtushwa na jina hilo, ila riwaya haina uhusiano wowote na visiwa hivyo. Ni mlio wa jina tu uliochezewa. Mwaka huo huo Acosta aligombea usherifu wa Kaunti ya Los Angeles kwa ahadi ya kuivunja idara yenyewe. Alishindwa na Peter Pitchess, lakini alipata kura zaidi ya laki moja. Riwaya inaishia kwa bomu mahakamani na msimulizi akiuacha mji. Mwisho huo usisomwe kama wito wa kulipua majengo tu. Ni ungamo la wakili kwamba hoja zimemwishia.

6.0 Upofu wa Msimulizi

Uhakiki wa haki hauna budi kulitaja doa kubwa la kazi hizi. Wanawake, hasa katika kitabu cha pili, ni miili ya kustarehesha. Wasichana wadogo wanaoishi na msimulizi hawana historia wala hoja, ingawa wasichana walikuwa miongoni mwa waliopanga migomo ya 1968. Wapo wahakiki wanaoitetea hali hii kuwa ni kejeli: kwamba mwandishi anamcheka msimulizi wake. Utetezi huo unatosha kwa sehemu tu ya kitabu cha kwanza, ambako kioo kinamwaibisha msimulizi kweli. Katika kitabu cha pili kioo hicho hakipo. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mtu aliyewahoji majaji kwa kuwateua waliofanana nao aliunda jopo lake la mashujaa kwa namna ile ile, wanaume kwa wanaume. Doa hili lina uhusiano wa moja kwa moja na hoja kuu, kwa kuwa linaonyesha gharama ya kuieleza jamii nzima kupitia nafsi moja inayojidai kuisemea.

7.0 Hitimisho

Thompson alipoandika Fear and Loathing in Las Vegas, alimgeuza rafiki yake kuwa wakili Msamoa wa ratili mia tatu. Acosta hakulalamikia ulevi aliosimuliwa. Alilalamikia kufutwa kwa asili yake. Lalamiko hilo linaunganisha nusu mbili za maisha yake. Mtu aliyewaacha wageni wamwite Msamoa, katika tawasifu yake mwenyewe, hakukubali mwingine amwandike hivyo kitabuni. Kujichagulia jina na kupachikwa jina ni mambo mawili tofauti, hata kama jina ni lile lile.

Makala haya yameonyesha kwamba uwakili wa Acosta unatoa swali, na riwaya zake zinalibeba pale mahakama ilipolitua. Mahakama ilitaka jamii iliyokamilika, yenye mipaka inayopimika. Fasihi ilimruhusu aonyeshe jamii inayojitengeneza, yenye lugha iliyopungua na upofu wake yenyewe. Kwa mantiki hiyo, watafiti wa tawasifu na riwaya wanapaswa kuyasoma maandishi ya waandishi-wanasheria pamoja na kumbukumbu za kesi zao, kwa sababu yale ambayo wakili hakuweza kuyasema mbele ya jaji ndiyo mara nyingi yanayoifanya riwaya yake ihitaji kuandikwa.