Droni za Dodoma: nani angelipia?

Agosti 2017 kampuni ya Zipline ya California na Serikali ya Tanzania walitangaza vituo vinne vya droni za kusambaza damu na dawa: droni zaidi ya 100, hadi safari 2,000 kwa siku. Kituo cha kwanza kilikuwa kianze Dodoma mapema 2018. Hakikuanza.

Kiufundi mpango ulikuwa mzuri. Droni ile hurushwa kwa manati, hudondosha boksi kwa mwavuli bila kutua, kisha hugeuka na kurudi. Zahanati haihitaji uwanja wala fundi. Uwezo wake ni kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, kwa hiyo ukiirusha kutoka Dodoma mjini, Bahi na Kongwa zinafikika; Kondoa inabaki nje.

Naona tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Wakati huohuo idara ya misaada ya Uingereza ilikadiria kwamba Dodoma ingeokoa dola 58,000 kwa mwaka ikiacha gari na pikipiki. Sasa pigia hesabu wahandisi, betri, spea, bima, majokofu ya damu na umeme wa kuyaendesha usiku na mchana. Dola 58,000 hazifiki mbali. Faida kubwa kweli ipo, ni mama mzazi anayevuja damu akapona, lakini faida hiyo haiingii kwenye vitabu vya kampuni.

Kampuni nyingi za roboti zinaumwa ugonjwa huo. Boston Dynamics, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 1992, ilinunuliwa na Google 2013, ikaenda SoftBank 2017, ikaishia Hyundai 2021. Kila tajiri alinunua ujuzi, kisha akakuta utafiti unadai pesa kila mwezi na wateja ni wa kuhesabu. Zipline yenyewe ilianza ikiitwa Romotive, ikiuza roboti za kuchezea zinazoendeshwa na simu. Haikuuzwa, ilibadili kazi, ikaendelea kuishi kwa fedha za wawekezaji.

Novemba 2025 Marekani ilitangaza kuipa Zipline hadi dola milioni 150 za kujenga mtandao wa droni, huku serikali za Afrika zikilipia matumizi. Kwa maoni yangu, huo ndio mpangilio uliokosekana 2017. Nchi zilizotajwa ni Rwanda, Ghana, Nigeria, Kenya na Côte d'Ivoire. Tanzania haimo.