Chumba 306 na Mpangaji wa Mwisho

Makumbusho ya Kitaifa ya Haki za Kiraia mjini Memphis, Marekani, yamo ndani ya iliyokuwa Lorraine Motel. Kwenye roshani, nje ya chumba 306, limetundikwa shada la maua: hapo ndipo Martin Luther King alipopigwa risasi Aprili 4, 1968. Wageni wengi huenda kwa ajili ya chumba hicho.

Mimi naona uzito wa maonyesho uko kwenye lori la taka. King alikuja Memphis kuwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma. Februari 1 mwaka huo, wawili wao, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya lori. Mashine ya kushindilia taka ikawasaga. Wenzao wakaandamana na mabango yaliyosema kila mmoja wao ni mwanamume. Au tuseme "mtu"? Tafsiri hapa si mchezo. "Mtu" inabeba utu, lakini inapoteza uchungu wa mzee mwenye wajukuu anayeitwa "boi". Na neno hilo huku Kenya hatuhitaji kufafanuliwa. Babu zetu waliliitikia majikoni mwa walowezi.

Kinachonikera ni upanuzi wa 2002, ulioingiza jengo la ng'ambo ya barabara alikofyatulia risasi James Earl Ray. Dirisha la bafu, ushahidi, upelelezi. Jamani, muuaji amepewa nafasi kubwa hivyo ya nini?

Nje, barabarani, kuna hoja ambayo makumbusho hayajaijibu. Jacqueline Smith, mpangaji wa mwisho wa Lorraine, alitolewa kwa nguvu mwaka 1988 ili kazi ianze. Makumbusho yalifunguliwa 1991. Yeye akaendelea kuketi nje miongo kadhaa akipinga. Alisema fedha zile zingewapa maskini makao, kwani King alikufa akiandaa kampeni ya maskini. Ni kweli, jengo lilipigwa mnada 1982, na bila waliolinunua huenda leo tusingekuwa na cha kutazama. Hata hivyo, mama huyu alimsoma King vizuri kuliko waliomfukuza.

Makumbusho huandaa mijadala na mafunzo kwa wanafunzi, na kila Aprili 4 hufanya kumbukumbu. Sawa. Basi siku moja mjadala uwe juu ya kodi za nyumba katika mtaa huohuo, na meza ya Smith iingizwe ndani, karibu na lile lori.