Aliyewasha Bloa Kabla ya Mita

Tuanze dakika ya 14 ya video ile, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mengine mmeyaona wenyewe: mashine ya gemu ya Nintendo, Switch ya toleo la kwanza, haiingizi chaji, kijana ameifungua mezani kwake, bodi iko wazi chini ya taa, multimeta ya njano imelala kando ya kikombe cha chai. Anaiinamia soketi ya chaji, anasema, "Soketi hii ndiyo tatizo," kisha mkono wake unairuka mita na kuchukua bloa ya hewa moto. Mita ile haikuguswa mpaka video inaisha.

Nimeirudia sehemu hiyo mara sita. Wiki nzima watu wamegawanyika makundi mawili juu ya video hii: wanaosema angempelekea fundi, na wanaosema mtu ana haki ya kujitengenezea kilicho chake. Makundi yote mawili yamekosea mlango. Kijana hakukosea kwa kujitengenezea. Alikosea kwa kuchagua dawa kabla ya kuujua ugonjwa, na fundi wa kulipwa anayefanya vile angeiharibu bodi ileile kwa namna ileile, kisha akadai na pesa ya kazi.

Dakika 13 za mwanzo ni kazi safi. Bisibisi ya Y kwenye skrubu za nje, betri imechomolewa kabla ya kugusa chochote, skrubu zimepangwa kwenye karatasi kwa mpangilio zilikotoka. Hapo simdai kitu.

Sasa turudi mezani. Katika dakika ya 14 alikuwa anajua nini? Alijua jambo moja tu, kwamba mashine haiingizi chaji. Kwenye Switch sentensi hiyo ina watuhumiwa wengi: chaja, waya, betri iliyokauka kabisa, soketi, IC (chipu) ya M92T36, IC ya chaji ya BQ24193, au kapasita moja ndogo kuliko punje ya mchele iliyopiga shoti. Soketi ni mmoja katika msururu. Kijana alimfunga huyo kwa sababu ndiye aliyekuwa anaonekana kwa macho.

Na ushahidi wa kumwachia huru aliutoa mwenyewe. Dakika ya 3 aliionyesha soketi kwa karibu: pini zimenyooka, hakuna kutu, waya unaingia na kukaza. Kisha akasema, kama jambo dogo la kupita, kwamba mashine ilizima ikiwa imechomekwa kwenye doki isiyo ya Nintendo. Nilipoisikia sentensi hiyo nilisimamisha video. Kwa anayeifahamu mashine hii, ile ilikuwa nusu ya jibu. Mwaka 2018, baada ya toleo la 5.0 la programu ya Switch, watu waliotumia doki za kampuni nyingine waliona mashine zao zikifa moja baada ya nyingine, na tangu hapo kila anayezitengeneza mashine hizi anajua kwamba "doki" na "haiingizi chaji" yakikutana katika sentensi moja, wa kwanza kuhojiwa ni M92T36.

Kazi ya IC hiyo ni kuzungumza na chaja. Chaja ya Nintendo inaanza kutoa volti 5, na M92T36 ikishakubaliana nayo, chaja inapanda hadi volti 15. IC ikifa, makubaliano hayafanyiki na chaja inabaki kwenye volti 5. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji hata kufungua skrubu. Chomeka kimita cha USB-C kati ya chaja na mashine, usome. Ikipanda mpaka 15, M92T36 iko hai, tafuta mbele. Ikigoma kwenye 5 kwa chaja ambayo una hakika inaweza 15, unaye mshukiwa. Nasisitiza chaja, kwa sababu wengi hupima kwa chaja ya simu isiyofika 15 kabisa, wakaihukumu IC isiyo na hatia.

Tuseme hakuwa na kimita cha USB-C. Multimeta ya njano alikuwa nayo. Iweke kwenye mlio, ncha moja kwenye ethi, nyingine ipite kwenye kapasita zinazoizunguka M92T36. Kapasita ya kuchuja umeme ina upande mmoja uliounganishwa na ethi, huo utalia na usikutishe. Ukilia na upande wa pili, una shoti, na umeshajua pa kwenda. Kazi yote hiyo ni dakika mbili, chai ikiwa bado ya moto.

Badala yake tukaona bloa. Na aliipeleka kwenye sehemu inayohitaji mkono uliokomaa kuliko nyingine zote kwenye bodi ile. Soketi ya USB-C ina pini 24. Safu moja inaonekana, nyingine imejificha chini ya ganda la chuma ambako jicho halifiki. Miguu minne ya ganda imezama ndani ya bodi na kushikwa na lehemu nyingi, na matabaka ya shaba yaliyo ndani ya bodi hunyonya joto kama mchanga unavyonyonya maji. Mwenye uzoefu hupasha bodi kutokea chini kwanza, huweka lehemu inayoyeyuka kwa joto dogo ili ichanganyike na ya kiwandani, hufunika viunganishi vya plastiki vilivyo jirani, kisha husubiri soketi ielee yenyewe. Haivutwi. Kijana alipuliza kutoka juu peke yake. Dakika ya 17 kiunganishi cha plastiki cha jirani kikaanza kulegea. Dakika ya 19 subira ikamwisha, akaivuta soketi kwa kibano, na pedi tatu zikang'oka nayo. Sauti ile ndogo mmeisikia. Mimi hainitoki masikioni.

Kuanzia hapo, ugonjwa ambao huenda ulihitaji kubadilishwa IC moja tu ukawa IC moja, soketi moja, pedi tatu na njia zilizochanika. Na kuna hasara ambayo kwenye video haikutajwa kabisa. Sevu za Switch hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani, kadi ya microSD haizibebi. Kwenye toleo hili kumbukumbu iko kwenye kibao kidogo kinachochomoka, na wapo wanaojifariji kwamba watakihamishia kwenye bodi nyingine. Haisaidii, kwa sababu data imefungwa kwa funguo zinazoendana na prosesa ya bodi ileile. Bodi ikifa, na kama hukuwa umelipia hifadhi ya mtandaoni, miaka yako ya kucheza inakufa nayo. Mtu anayeshika bloa juu ya Switch anashika na hicho.

Nimesema hata fundi wa kulipwa angekosea, na nasema kwa uchungu wa zamani. PSP yangu ya kwanza ilizima ghafla nikiwa sina hata miezi mitatu nayo. Niliipeleka dukani kwa fundi Kariakoo. Ilikaa siku nne, ikarudi na hukumu ya maneno mawili, "bodi imekufa," na skrubu mbili pungufu. Hakuna aliyenionyesha namba yoyote. Hakuna aliyeniambia amepima wapi akapata nini. Maneno hayo mawili nimeyasikia tena na tena kwenye madawati ya mtaa wetu, na kila nikiyasikia nauliza swali lilelile: imekufa kwa kipimo gani?

Jirani yetu alikuwa mzee aliyetengeneza redio tangu enzi za National na Philips. Hakuwahi kumiliki mashine ya gemu maishani. Nilimpelekea PSP ile kwa kukata tamaa.

"Shikamoo mzee. Wameniambia bodi imekufa."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaiosha maiti?"

Akaifungua, akainusa, maana alikuwa na kawaida ya kunusa kila kitu kabla ya kukigusa. Akachukua avometa yake kubwa ya mshale, akaanzia betri, akafuata njia ya umeme hatua kwa hatua mpaka mshale ulipolala. Fyuzi ndogo ilikuwa imekatika. Kabla ya kuibadilisha alipima mbele yake, kuona kama kuna shoti iliyoikata, kwa sababu kwake fyuzi haikatiki bure. Baada ya kuridhika ndipo akawasha pasi ya kulehemu. PSP ile ilicheza miaka mingine mitano.

Wazee wale walifanya kazi bila mchoro, bila darubini, bila bloa, na spea ilikuwa ya kutafutwa kwa miguu mji mzima. Umaskini wa vifaa uliwafundisha kwamba moto ndio hatua ya mwisho. Leo bloa inapatikana kirahisi na video za kufundishia zimejaa, nasi tumeanza kuamini kwamba kuwa na moto ni kuwa na ufundi. Kizazi cha avometa kilikuwa bora kuliko chetu katika jambo hili, na sioni sababu ya kulisema kwa kificho.

Hata mashine za zamani zilimheshimu zaidi mwenye nazo. Game Boy ya mwaka 1989 iliyosimamiwa na Gunpei Yokoi ilijengwa kwa teknolojia iliyozoeleka na ya bei nafuu, ikala betri nne za kawaida zinazouzwa kila duka. Mguu wa betri ukiota kutu, siki na kijiti cha pamba vinatosha. Mistari ikipotea kwenye skrini, aliyetulia huirudisha kwa kupitisha ncha ya pasi taratibu juu ya utepe ulio chini ya kioo. Game Boy moja iliyoungua ganda katika vita vya Ghuba ilikaa miaka mingi kwenye duka la Nintendo New York ikiwa bado inawaka. Sasa linganisha na Switch 2 ya mwaka 2025, yenye betri iliyogandishwa kwa gundi na stiki ambazo bado zinasoma mwendo kwa mguso unaosugua mpaka unalika, wakati Sega waliweka sumaku kwenye pedi ya Dreamcast tangu mwaka 1998. Nimeiandika hoja hii mara nyingi na nitaiandika tena: Nintendo, kampuni inayojua stiki zake zilisumbua dunia nzima, mpaka rais wake Shuntaro Furukawa akaomba radhi mwaka 2020, haikuwa na udhuru wa kurudi na muundo uleule. Valve walipoanza kuuza spea za Steam Deck kupitia iFixit mwaka 2022 walionyesha kwamba inawezekana kumheshimu mwenye mashine.

Lakini gundi ya kampuni haimwondolei kijana wetu dakika ya 14.

Basi mpaka uko wapi kati ya mikono yako na ya fundi? Mimi nauweka kwenye lehemu. Kinachotoka kwa skrubu na fleksi ni chako: stiki ya Joy-Con (pedi ya pembeni ya Switch), stiki za Switch Lite ambazo zimeungwa kwa fleksi, feni, betri ukiinyanyua kwa plastiki na subira bila kuichokoa kwa chuma. Nunua bisibisi sahihi, maana ya msalaba ikishaiharibu skrubu ya Y umejifungia mlango mwenyewe. Kinachoshikwa na lehemu kwenye bodi kuu ni cha fundi, mpaka siku umeshazoeza mkono kwenye bodi mbovu kumi zisizo na sevu ya mtu. Na huku kwetu, ambako mashine nyingi hufika zimetumika, kupitia Dubai au kwenye begi la ndugu aliyetoka ng'ambo, dhamana ya kampuni haivuki bahari kukusaidia. Uamuzi huu ni wako peke yako, kwa hiyo uufanye ukiwa na namba mkononi.

Kupima, hata hivyo, hakuna mpaka. Ni kwa wote wawili. Mwenye mashine anapima ili ajue kama kazi iko upande wake. Fundi anapima ili ajue analipwa kwa lipi. Kijana angeweka ncha mbili tu kwenye bodi dakika ya 14, huenda mita ingemwambia kazi hii si ya soketi, na angeifunga mashine yake ikiwa na ugonjwa mmoja unaotibika.

Kijana wangu, bodi yako bado haijawa maiti. Pedi zilizong'oka huunganishwa kwa nyaya nyembamba kama unywele na mtu mwenye darubini na mkono uliotulia, na M92T36 hubadilishwa. Usiiguse tena. Ipeleke kwa fundi, na ukifika usimwambie tatizo ni soketi. Mwambie haiingizi chaji, mweleze habari ya doki, kisha utazame mkono wake unaanza kushika nini. Ukienda kwenye mita, kaa usubiri. Ukienda kwenye bloa, chukua bodi yako uondoke.